Risasi Isiyo na Risasi: Uhakiki wa Tafsiri Moja Kuhusu Silaha

Mfasiri mmoja wa Manzese, jijini Dar es Salaam, alituletea kurasa 12 za tafsiri yake akitutaka tuzihakiki kabla hajamkabidhi mteja. Ofisi yake ni chumba kimoja karibu na Darajani, kando ya Barabara ya Morogoro, ukuta kwa ukuta na duka la kupiga chapa na kutoa nakala. Mteja wake huwafundisha vijana wanaotafuta kazi katika kambi za uwindaji wa kitalii, naye alitaka vijana hao waelewe mazungumzo ya wageni kutoka Marekani, ambao hupenda kulinganisha kila bunduki na ile waliyoizoea kwao. Matini yenyewe inaeleza namna ya kuchagua risasi ya bunduki kwa ajili ya kumwinda koyote kutoka mbali.

Msomaji aweza kuuliza: koyote na Manzese, wapi na wapi? Swali hilo ni la haki. Mnyama huyo haonekani Afrika, wala hatudhani kwamba kijana yeyote wa Manzese atamwinda. Lakini mambo yanayozungumzwa katika matini hiyo, yaani risasi, baruti, ganda na mtutu, yapo katika taarifa za polisi wetu, katika vibali vya wawindaji, katika ripoti za madaktari na katika hukumu za mahakama. Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2021 na Kiswahili kuwa lugha ya mahakama nchini Tanzania, maneno hayo si tena ya mazungumzo tu. Mtu aweza kufungwa au kuachiwa huru kwa sababu ya maana yake. Kwa hiyo tumeona yafaa kuichambua tafsiri hii mbele ya wasomaji wetu, si kwa nia ya kumfedhehesha mwenye kazi, bali kwa kuwa makosa yake ni yetu sote.

Mnyama mwenyewe

Tuanze na mnyama. Mfasiri amemwita koyote "mbwa mwitu" kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Hatuwezi kulikubali jina hilo. Mbwa mwitu ni mnyama wetu anayejulikana, mwenye mabaka ya rangi mbalimbali na masikio mapana ya mviringo, awindaye kwa makundi. Idadi yake imepungua mno barani Afrika, naye yumo katika orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka. Kijana atakayesoma kwamba wageni huchagua risasi nyepesi za kuulia mbwa mwitu atakuwa amefundishwa jambo baya kwa kosa la neno moja.

Koyote ni wa jamii ya bweha kwa umbo na tabia, ingawa kwa kawaida humzidi bweha wetu kwa uzito. Jina lake Waspania walilichukua kutoka kwa wenyeji wa Meksiko, na Waingereza wakalichukua kwa Waspania bila kulitafsiri. Nasi hatuoni sababu ya kuona haya kufanya hivyo hivyo. Aitwe koyote, na mara ya kwanza aelezwe kuwa ni mnyama wa Amerika wa jamii ya bweha.

Kosa la pili la namna hii ni pale wanyama wanaosumbua wafugaji na wakulima walipoitwa "wadudu waharibifu". Mfasiri aliliona neno la Kiingereza, akakumbuka mabango ya dawa za shamba. Matokeo yake ni sentensi isemayo kwamba risasi fulani "ni bora kwa kuulia wadudu umbali wa mita 300". Hapa ilitosha kusema "wanyama waharibifu".

Neno moja, vitu vingi

Sasa tufike kwenye kiini cha uhakiki wetu. Katika kurasa hizo 12 neno "risasi" limetumika kwa maana nne: madini ya risasi, kipande kinachotoka mtutuni na kumpiga mnyama, kitu kizima kinachotiwa bundukini, na ganda tupu linalobaki baada ya kufyatua. Tazama sentensi hii ya ukurasa wa 4:

"Risasi hizi mbili hutumia risasi ya namna moja, ila risasi ya pili ina risasi kubwa zaidi, kwa hiyo risasi yake huenda kasi."

Msomaji asicheke haraka. Sentensi hiyo ndiyo moyo wa matini yote. Mwandishi wa Kimarekani alikuwa analinganisha risasi mbili mashuhuri kwa wawindaji wa koyote, yaani .223 Remington na .22-250 Remington. Zote mbili hurusha kipande cha kipenyo kile kile, milimita 5.69, na mara nyingi cha uzito ule ule, kiasi cha gramu 3.56. Tofauti yao iko kwenye ganda. Ganda la .22-250 ni kubwa zaidi, hivyo huchukua baruti nyingi zaidi. Kwa vipimo vya kiwandani, kipande cha .223 hutoka mtutuni kwa mwendo wa karibu mita 990 kwa sekunde, na kile cha .22-250 kwa mwendo wa karibu mita 1,120 kwa sekunde. Huo ndio uamuzi anaotakiwa mwindaji kuufanya: si kuchagua kipande, bali kuchagua ganda na baruti iliyo nyuma ya kipande hicho. Mwenye neno moja tu la "risasi" hawezi kuueleza uamuzi huo, wala msikilizaji wake hawezi kuuelewa.

Je, Kiswahili hakina maneno hayo? La hasha. Tulikwenda Manzese wenyewe, tukaketi na mzee mmoja aliyewahi kuwa askari mgambo, jirani wa mfasiri wetu. Baada ya shikamoo na marahaba tulimwuliza kitu kizima kinaitwaje. Akajibu, "Hiyo ni risasi, wanangu." Na kile kinachotoka? "Kichwa cha risasi." Na kinachoanguka chini? "Ganda. Hata ukisikiliza redio, polisi husema wameokota maganda." Na kile kidude cha nyuma kinachogongwa? Mzee akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sisi watoto wa wawindaji wa gobori tuliita fataki."

Jibu hilo la mwisho lina historia nzima ndani yake. Mwenye gobori alishindilia bunduki yake kwa mdomo wa mtutu. Alitia baruti kwanza, kisha risasi, akaikandamiza kwa mdeki, na mwisho akaweka fataki mahali pa kugongwa. Kila kitu kilikuwa mbali na kingine, na kila kimoja kilikuwa na jina lake. Ilipokuja bunduki ya kushindiliwa kwa nyuma, vitu hivyo vilifungwa pamoja ndani ya ganda moja la shaba nyeupe au njano, na jina la kimoja wapo likameza majina ya wenzake. Maneno yenyewe hayakufa. Yalikaa kwa wazee, kwa askari na kwa wawindaji, yakingoja aje mtu wa kuyauliza. Mfasiri wetu hakuuliza. Alifungua kamusi ya Kiingereza na Kiswahili, akakuta "risasi" mara tatu kwa maneno matatu, akaridhika.

Wako watakaosema kwamba katika maandishi ya karne ya 19 kitu kizima kiliitwa "kiasi cha bunduki", na kwamba ingefaa kulifufua jina hilo. Ni jina zuri, kwa maana lilieleza kipimo cha baruti kilichokwisha kutengwa kwa mlio mmoja. Lakini siku hizi ukimwambia mtu wa Manzese "nataka kujua kiasi cha bunduki", atadhani unauliza bei. Neno likishahama, kulirudisha kwa amri ni kazi bure. Vivyo hivyo tungewaonya wale wanaoliogopa neno "fataki" kwa sababu limepata maana nyingine tangu kampeni ya redioni ya mwisho wa muongo wa 2000, iliyowasema wanaume watu wazima wanaowarubuni wasichana. Katika sentensi inayohusu bunduki hakuna atakayechanganya mambo hayo.

Risasi isiyo na risasi

Katika ukurasa wa 7 mfasiri amefika kwenye sheria ya Jimbo la California, ambako tangu tarehe 1 Julai 2019 ni marufuku kuwinda kwa risasi zenye madini ya risasi. Sababu ni kwamba mabaki ya madini hayo huwasumu ndege walao mizoga. Hapa ameandika: "Mwindaji atumie risasi isiyo na risasi." Msomaji wa kawaida atafahamu kwamba mwindaji aende porini na ganda tupu.

Mgongano huu umo katika mizizi ya neno lenyewe. Neno "risasi" tulilipata kutoka Kiarabu kwa maana ya madini, na silaha ikaitwa kwa madini yake. Leo madini na silaha vimeachana, kwani vichwa vingine hutengenezwa kwa shaba tupu. Maadamu neno ni moja, mfasiri hana budi kuongeza maneno mawili: "risasi zisizo na madini ya risasi", au, panapofaa, "risasi zenye vichwa vya shaba". Fundi wa betri wa Manzese anayeyeyusha risasi ya betri kuukuu hapati tabu, maana mazingira ya kazi yake yanamfafanulia neno. Mwandishi wa sheria hana mazingira hayo. Yeye anaandikia watu asiowaona.

Kuhusu "katriji"

Pengine mfasiri mwenyewe aliona dhiki ya neno moja, kwani kuanzia ukurasa wa 9 ameanza kuandika "katriji" kwa kitu kizima. Sisi hatuna chuki na maneno ya mkopo; Kiswahili kimekua kwa kukopa. Lakini mkopo una masharti: uwe unahitajika, na usigongane na neno lililokwishaingia. Katika duka lile lile la kutoa nakala lililo jirani na chumba chake, katriji ni kile kisanduku cha wino wa mashine ya kuchapisha. Tulimsomea kijana wa dukani sentensi isemayo "chagua katriji yenye nguvu kwa masafa marefu". Akatuuliza kama tunataka ya rangi au nyeusi. Sidhani, tungeandika hapa, kwamba uhakiki wowote wa kitaalamu ungeshinda jibu hilo. Na kwa kuwa sisi ni wengi, twasema: hatudhani.

Namba zilizo majina

Kosa zito zaidi kwa mwalimu na mtumishi wa serikali liko kwenye namba. Mfasiri ameiona .22-250 akaitafsiri "kipenyo cha kati ya 22 na 250". Ameiona .30-06 akaandika "kuanzia 30 hadi 06". Alichukulia kwamba kila namba ni kipimo na kila kistari ni "hadi".

Ukweli ni kwamba hizo si namba za hesabu, ni majina. Katika .22-250, sehemu ya kwanza yadokeza kipenyo kwa sehemu za inchi, na sehemu ya pili yakumbusha ganda la .250 Savage la mwaka 1915 ambalo lilibanwa shingo ili lipokee kichwa chembamba zaidi. Kampuni ya Remington ilianza kuiuza risasi hiyo kiwandani mwaka 1965. Katika .30-06, sehemu ya pili ni mwaka, yaani 1906, ambapo jeshi la Marekani liliikubali. Na .223 nayo ina kichwa cha inchi 0.224, si 0.223. Basi majina haya yaachwe kama yalivyo, kama tunavyoacha jina la mtu. Mfasiri akitaka kumsaidia msomaji, aongeze kipenyo halisi kwa milimita. Kwa mfano, .375, ambayo ndiyo ya chini inayotakiwa kwa wawindaji wa tembo na nyati nchini mwetu, ina kipenyo cha milimita 9.5.

Namba za bunduki za marisau nazo zina mtego wake. Katika maelezo ya chini ya ukurasa, mfasiri amesema kuwa bunduki ya namba 20 ni kubwa kuliko ya namba 12. Ni kinyume chake. Chukua ratili moja ya madini ya risasi, igawe sawasawa kuwa gololi 12. Kipenyo cha gololi moja, karibu milimita 18.5, ndicho kipenyo cha mtutu wa namba 12. Ukiigawa kuwa gololi 20, kila moja itakuwa ndogo zaidi, na mtutu vilevile. Hapa madini ya risasi yamerudi tena kupima silaha iliyobeba jina lake.

Hatari ya "punje"

Jambo la mwisho ni la hatari. Wamarekani hupima vichwa vya risasi kwa kipimo kidogo kiitwacho greni. Greni 1 ni gramu 0.0648. Kwa kuwa neno hilo la Kiingereza lamaanisha pia nafaka na punje, mfasiri ameandika "risasi ya punje 55". Laiti kosa lingeishia hapo, tungesema ni la kuchekesha. Lakini kwa greni hizo hizo hupimwa pia baruti, na wako wawindaji wa Kimarekani wanaojaza maganda yao wenyewe nyumbani. Baruti nayo ni ya chembechembe. Msomaji anayekuta "risasi yenye punje 55", mahali ambapo risasi yaweza kuwa kichwa, ganda au kitu kizima, ana haki ya kufahamu kwamba ganda litiwe chembe 55 za baruti, au baruti ya uzito wa 55. Baruti ikizidi kipimo, bunduki hupasuka usoni mwa mpigaji. Kwa sababu hiyo twashauri kwamba kamwe isiandikwe namba ya uzito bila kutaja kilichopimwa: "kichwa cha greni 55, yaani gramu 3.56".

Yaliyo mema

Haitakuwa haki kumaliza bila kusifu panapostahili. Pale matini inapoeleza safari ya risasi hewani, Kiswahili cha mfasiri kimenyooka, maana hapo aliacha kamusi akafikiri. Ameandika kwamba risasi "huanza kushuka tangu inapotoka mtutuni", na kwamba upepo "huisukuma pembeni". Maneno "mshuko wa risasi" na "msukumo wa upepo" ni istilahi njema, na mwalimu wa fizikia aweza kuzitumia kesho. Kwa hesabu ya shule, kitu kinachoanguka kwa sekunde 0.3 hushuka karibu sentimita 44. Kwa sekunde 0.4 hushuka karibu sentimita 78. Hapo mwanafunzi ataona mara moja kwa nini mwindaji wa masafa marefu hutafuta mwendo: risasi ikiwahi kufika, mshuko hupungua. Ataona pia kwa nini mwingine huchagua .243 Winchester, yenye kichwa kizito zaidi, akubali mwendo mdogo ili upepo usimsumbue sana.

Sasa turudi kwenye sentensi ya ukurasa wa 4. Sisi tungeiandika hivi: "Risasi hizi mbili zina kichwa cha namna moja, ila ganda la ile ya pili ni kubwa na huchukua baruti nyingi zaidi, kwa hiyo kichwa chake huenda kasi zaidi." Hatukubuni neno hata moja. Maneno yote tuliyapata kwa mzee wa Manzese.

Mapendekezo

Kwa hiyo twapendekeza matumizi yafuatayo, yajadiliwe na wasomaji:

Risasi: kitu kizima kinachotiwa bundukini.
Kichwa cha risasi: kipande kinachotoka mtutuni.
Ganda la risasi: sehemu inayobeba baruti na kubaki baada ya kufyatua.
Baruti: unga unaowaka na kusukuma kichwa.
Fataki: kidude cha nyuma kinachogongwa ili kuwasha baruti.
Madini ya risasi: madini yenyewe, popote yanapoweza kuchanganywa na silaha.
Marisau: vidonge vidogo vingi vya risasi moja ya bunduki ya namna hiyo.
Greni: kipimo cha uzito, daima pamoja na jina la kilichopimwa.

Wako watakaolalamika kwamba "kichwa cha risasi" ni maneno matatu ambapo Kiingereza kina moja. Twawajibu kwa mfano wa mahakamani. Shahidi akisema, "Nilikuta risasi 2 mlangoni," hakimu afahamu nini? Kama ni risasi nzima, huenda mtu alikuwa na silaha asiitumie. Kama ni maganda, silaha ilifyatuliwa hapo mlangoni. Kama ni vichwa, aliyefyatua alikuwa mahali pengine, naye alielekeza mtutu mlangoni. Hizo ni kesi tatu na pengine hukumu tatu. Maneno mawili ya ziada ni gharama ndogo.

Mfasiri wetu amekubali kuziandika upya kurasa zake, na mteja amemwongezea siku. Nasi tunawaomba askari, wawindaji, madaktari na makarani wa mahakama, popote walipo, watuletee majina wanayoyatumia kazini, hasa pale yanapotofautiana na haya yetu, ili orodha hii isiwe ya mezani tu.